Tumehesabu viboko, malezi hatujayapima

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti kuhusu adhabu ya kipigo kwa watoto, na takwimu mbili kutoka humo zikakimbia kuliko ripoti yenyewe. Ya kwanza ilisema watoto bilioni 1.2 duniani huadhibiwa kwa kipigo majumbani mwao kila mwaka. Ya pili ilihusu nchi 49 za kipato cha chini na cha kati: watoto wanaochapwa walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 24 wa kuwa kwenye hatua ya ukuaji inayolingana na umri wao, ukiwaweka karibu na wenzao wasiochapwa. Ilipotua kwenye kundi la wazazi nililomo mimi, hiyo ya pili ilikuwa imeshabadilika sura: "fimbo inapunguza akili ya mtoto kwa asilimia 24." Jibu nalo halikuchelewa. Mzee mmoja aliandika kwamba yeye alichapwa mpaka darasa la saba na leo anasomesha watoto wanne. Mjadala ukafungwa hapo, kila mmoja akabaki na lake.

Nadhani pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja. Zote zinachukulia kwamba ukishajua kama mtoto anachapwa au hachapwi, umeshajua analelewaje. Ushahidi kwamba kipigo kinadhuru ni mzito kuliko watetezi wa fimbo wanavyotaka kukiri, na hilo nitalirudia huko mbele. Lakini vipimo vyetu vinashika kipande kimoja tu cha malezi, mara nyingi vinamuuliza mtu mmoja ilhali wahusika ni wengi, na vinamuuliza kwa maneno ambayo nyumbani kwake yana maana nyingine. Malezi chanya na malezi hasi hayako kwenye mzani mmoja, kwamba hili likipanda lile linashuka. Ni mizani miwili, na mzazi mmoja anaweza kuwa mzito kwenye yote miwili kwa wakati mmoja.

Wazo la kupima malezi lilianza vizuri. Katikati ya miaka ya 1960 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwafuatilia watoto wachache wa chekechea na wazazi wao, akafika hadi majumbani kutazama kwa macho nani anasema nini mtoto anapokataa kula au kulala. Akapata mafungu matatu: mzazi wa amri, ambaye neno lake halijadiliwi, mzazi mlegevu, ambaye mtoto ndiye mwenye nyumba, na mzazi anayeweka masharti na kuyasimamia, lakini anamsikiliza mtoto na kumpa sababu. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakayapanga upya kwa maswali mawili: mzazi anadai kiasi gani, na anamwitikia mtoto kiasi gani? Hapo ndipo lilipopatikana fungu la nne, la mzazi asiyedai wala kuitikia, yupo tu. Kiswahili cha mtaani kina majina ya mafungu mawili kati ya hayo. Tuna mzazi mkali na tuna anayedekeza. Yule wa tatu, mwenye msimamo na sikio, hana jina lake. Tukimwona tunamwita mkali, kapu lilelile tunalomtia anayevunja mwiko mgongoni mwa mtoto. Ndiyo maana mzazi akiambiwa aache ukali anasikia anaambiwa adekeze.

Kutazama kwa macho ni kazi ya gharama, kwa hiyo baada ya Baumrind yakaja madodoso. Mojawapo lililosambaa sana ni Dodoso la Malezi la Alabama, la mwaka 1991, lenye vipengele 42. Linapima mambo matano: mzazi anashiriki kiasi gani maisha ya mtoto, anamsifia na kumtia moyo kiasi gani, anajua kiasi gani mtoto yuko wapi na nani, adhabu zake zinatabirika au ni za kigeugeu, na anatumia kipigo au la. Kila eneo lina alama zake. Mchukue mama ambaye kila jioni anakagua daftari la binti yake, hakosi kikao cha wazazi, Jumamosi anamsuka huku akimchota habari za wiki nzima, na akikosea kusoma anamtandika kofi la mkono. Huyu anapata alama za juu kwenye ushiriki na za juu kwenye kipigo. Sasa mchukue baba ambaye hajawahi kumgusa mwanawe hata kwa kidole kwa sababu anaondoka hajaamka na kurudi amelala, na Jumapili yuko kijiweni. Kwenye kipigo amepata sifuri. Kiashiria 16.2.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambacho serikali hukitumia kutoa taarifa, huhesabu watoto wa mwaka 1 hadi 17 waliopata kipigo au ukatili wa kisaikolojia kutoka kwa walezi ndani ya mwezi uliopita. Kwa kiashiria hicho, yule mama ni tatizo na yule baba amefaulu.

Na hata hicho kipande kimoja cha kipigo si rahisi kukipima kama kinavyoonekana kwenye jedwali. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na wadadisi wa utafiti mmoja wa kaya upande wa Mbagala. Tulimkuta mama anakanda unga wa maandazi ya kesho yake, na mvulana wa miaka kama minane amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga. Mdadisi, binti aliyeshika kishikwambi, akauliza kama ndani ya mwezi ule kuna mtu pale nyumbani alimpiga mtoto. Mama akaacha kukanda. "Kumpiga? Mimi mwanangu simpigi. Nikimchapa namchapa, lakini kumpiga, hapana." Kishikwambi kilikuwa na ndiyo na hapana. Binti akasita, akanitazama, kisha akabonyeza hapana. Mvulana aligeuka kuangalia fagio la chelewa lililoegeshwa mlangoni, akarudi kwenye karanga zake.

Mama yule hakusema uongo. Kwake yeye, kupigwa hupigwa mwizi, au mke wa mlevi. Mtoto huchapwa. Kuna pia kufinya, ambako hufanyika kanisani au kwenye daladala bila mtu kugeuka. Kuna kumtia adabu, kumrudi, kumnyoosha, na kila neno lina kipimo chake cha maumivu na cha uhalali. Waliotunga sehemu ya nidhamu kwenye MICS, tafiti za kaya za UNICEF, walilijua hili, na ndiyo maana hawaulizi "unampiga?" Wanataja tendo moja moja, 11 kwa jumla: kumtikisa, kumchapa makalioni kwa mkono, kumpiga kwa mkanda au fimbo, kofi la usoni, kumpiga mkononi au mguuni, kumpiga mfululizo kwa nguvu, kumfokea, kumwita mjinga au mvivu, na matatu yasiyo ya ukatili, yaani kumnyima anachokipenda, kumweleza kosa lake na kumpa kitu kingine cha kufanya. Orodha nzuri. Lakini kufinya hakumo. Kupiga magoti juani hakumo. Kulala bila kula kwa sababu ulivunja sahani hakumo. Mtoto wa kwetu anaweza kupitia yote matatu ndani ya wiki moja na bado akahesabiwa kuwa mwezi wake ulikuwa salama.

Madodoso yaliyotafsiriwa yana vituko vyake. Lile la Alabama linauliza ni mara ngapi unampeleka mtoto chumbani kwake kama adhabu. Chumbani kwake kupi, kwenye nyumba ya vyumba viwili wanamolala watu saba? Linauliza kama unampa kazi za ziada za nyumbani kama adhabu, kwa mtoto ambaye kuteka maji, kuosha vyombo na kubeba mdogo wake ni ratiba, hakuna anayeziita adhabu. Linauliza kuhusu kumsifia mtoto, na hapo unakutana na bibi wa Pwani anayeogopa kijicho kuliko anavyoogopa malaria, mjukuu wake amefaulu, moyo umemjaa, na kitakachomtoka mdomoni ni "haya, kaniletee maji." Mtoto anajua bibi amefurahi. Dodoso halijui. Halafu kuna neno mzazi lenyewe. Mtoto anayelelewa na shangazi Morogoro, anayefundishwa adabu na ustadhi wa madrasa, anayeshinda na dada wa kazi, na anayepigiwa simu na mama yake kila Jumapili kutoka Muscat, tunataka tumpime kwa majibu ya nani?

Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa kuliko wote. Takwimu kama ile ya asilimia 24 hutokana na tafiti za kaya ambamo mama au mlezi ndiye anayesema kama mtoto amechapwa, na huyohuyo ndiye anayesema kama mtoto anafuata maelekezo, anaelewana na wenzake, au anawapiga mateke na kuwauma. Mama aliyechoka, ambaye mume hajaacha hela ya kula, ana sababu zote za kumchapa zaidi siku hiyo na za kumwona mtundu zaidi. Sehemu ya uhusiano unaoonekana kati ya fimbo na tabia inaweza kuwa ni uchovu wa mtu mmoja ulioandikwa mara mbili. Na watoto wanaona tofauti. Mwaka 2015 Andres De Los Reyes na wenzake walikusanya tafiti 341 zilizomuuliza zaidi ya mtu mmoja kuhusu matatizo ya mtoto yuleyule. Uwiano wa wastani kati ya majibu ya watu hao ulikuwa 0.28, ambapo 1 ingekuwa makubaliano kamili. Watu wa nyumba moja, mtoto mmoja, habari tofauti.

Afrika Kusini imetupa mfano wa karibu zaidi. Katika jimbo la Eastern Cape familia 552 zenye vijana zilihusishwa kwenye jaribio, vijiji na mitaa 40 ikagawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapata mafunzo ya malezi na wengine hawakuyapata. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Miezi mitano hadi tisa baada ya mafunzo, wazazi waliofunzwa walitaja matukio ya ukatili pungufu karibu kwa nusu kuliko wenzao. Kuhusu mzazi kushiriki maisha ya kijana na kujua alipo, wazazi na vijana walisimulia mabadiliko ya upande mmoja. Kuhusu kipigo, punguzo lile kubwa lilikuwa kwenye midomo ya wazazi. Unaweza kulisoma hilo kwa njia mbili: ama mzazi amejifunza jibu linalotakiwa, ama kijana aliyezoea kuchapwa anahitaji muda mrefu zaidi kuamini kwamba kumekucha. Vyovyote vile, aliyemuuliza mzazi peke yake angeandika ripoti ya ushindi. Programu ndugu ya ile, Furaha Teens, ilifika Tanzania kwa familia nyingi, kwa hiyo jambo hili ni la kwetu pia.

Mtetezi wa fimbo anayenisoma pengine ameanza kutabasamu. Asiwahi. Hoja yake kuu, ile ya "tulichapwa na tuko sawa," ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu. Ni hoja ya dereva wa bodaboda asiyevaa helmeti: mbona nimefika? Wanaoweza kuisema ni waliofika. Aliyeacha shule darasa la tano kwa kuikimbia fimbo ya hesabu hayumo kwenye lile kundi la wazazi kutoa ushuhuda wake. Halafu kuna tatizo la hesabu yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, wengi wao kwa ngumi, mateke au mijeledi. Ikiwa wengi kiasi hicho walipitia hapo, basi daktari alichapwa na kibaka alichapwa. Kitu walichopitia wote wawili hakiwezi kuwa ndicho kilichowatenganisha.

Kuna hoja mbili nzito zaidi upande huo, na hizi nazipa kiti. Ya kwanza ni kwamba huenda mshale umegeuzwa: mtoto msumbufu ndiye anayevuta fimbo, wala si fimbo inayomfanya msumbufu. Ni kweli kwa sehemu. Martin Pinquart alipojumlisha tafiti 1,435 mwaka 2017, aliona mshale unakwenda na kurudi: malezi makali yalitangulia usumbufu, na usumbufu nao ulitangulia malezi makali. Nyumba nyingi zimenasa kwenye gurudumu hilo. Lakini gurudumu halimwokoi anayechapa. Linasema tu kwamba dawa yake inaongeza ugonjwa anaoutibu. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walipopitia mwaka 2016 tafiti zilizogusa watoto 160,927, walipima matokeo 17. Kwenye 13 uhusiano ulikuwa wa wazi, na yote 13 yalielekea kwenye madhara. Ukubwa wa madhara hayo ni mdogo kwa mtoto mmoja mmoja, jambo ambalo wanaharakati hawapendi kulisema. Baumrind mwenyewe, akiwa na Robert Larzelere, aliandika mwaka 2002 kupinga kuiweka kofi ndogo ya nadra kapu moja na kipigo cha kujeruhi. Sawa. Bado mimi sijaona ushahidi ulionishawishi kwamba kuna faida ambayo kuelezwa kosa na kunyimwa mchezo hakuwezi kuileta.

Ya pili ni ya utamaduni. Inasema mtoto wa hapa haoni fimbo kama kuchukiwa, kwa sababu kila jirani anachapa. Kuna utafiti uliolijaribu hili waziwazi, na Kenya ilikuwemo. Jennifer Lansford na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya mama na watoto wao 336 kutoka China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Kipigo kilikuwa cha kawaida zaidi Kenya na cha nadra zaidi Thailand. Na kweli, pale kilipokuwa cha kawaida, uhusiano wake na ugomvi na wasiwasi wa mtoto ulikuwa dhaifu zaidi. Dhaifu, lakini ulikuwepo: hata huko, aliyechapwa zaidi alikuwa na matatizo zaidi. Utamaduni unapunguza makali ya kisu, haugeuzi kisu kuwa kijiko. Tena desturi hubadilika: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, imekataza adhabu ya viboko, ilhali sisi Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu iliyopita kiasi, na shuleni kanuni bado zinahesabu viboko vinne.

Kwa hiyo fimbo iwekwe chini. Baada ya hapo? Hapa ndipo kampeni zetu zinapoishiwa maneno. Kati ya yale maeneo matano ya dodoso la Alabama, mawili hayana mtetezi hata mmoja kwenye semina za kata: kujua mtoto alipo, na adhabu ya kigeugeu. Jumatatu mtoto akipoteza daftari anafokewa, Jumanne anachekewa kwa sababu mgeni yupo, Jumatano anaahidiwa atakiona baba akirudi, na baba akirudi hakuna kitu. Mtoto wa hivyo anachokisoma ni hali ya hewa ya nyumba. Kosa lake mwenyewe halisomi. Mzazi aliyeambiwa aache fimbo bila kupewa cha kushika huishia hapo, kwa vitisho visivyotekelezwa. Kiashiria kitamhesabu kuwa ameimarika. Na wanaosema watoto wa siku hizi wameharibika tangu tuambiwe tusiwachape pengine wameona kitu cha kweli, wakakitafutia sababu isiyo yake: walichokiona ni kuondoka kwa usimamizi, na hakuna aliyekuwa akiupima.

Haya si mambo ya wasomi peke yao, kwa sababu saa ya kuyaandika imefika. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza 2021/22, ilipangwa kukoma 2025/26, na kila programu inayofuata huanza na jedwali la viashiria. Wakati huohuo, mapema 2025, Marekani ilipokata misaada ya USAID, mpango wa tafiti za afya na idadi ya watu (DHS) uliotuletea takwimu nyingi za kaya ulisimama. Ni hasara kubwa, lakini pia ina maana kwamba maswali yajayo tunaweza kulazimika kuyatunga na kuyalipia wenyewe. Basi tuyatunge kwa Kiswahili tangu mwanzo: kufinya kuwemo, kupiga magoti kuwemo, kulala na njaa kuwemo. Kuwe na nafasi ya kumtaja kila anayemlea mtoto, bibi na dada wa kazi pamoja. Kuwe na safu ya nani anajua mtoto yuko wapi saa kumi na mbili jioni. Na mtoto mwenye umri wa kuweza kujibu aulizwe mwenyewe, pembeni, mbali na sikio la mwenye fagio.

Hili la mwisho ndilo litakalopata upinzani, na ninajua kwa nini. Mama akisema anachapa, mdadisi anabonyeza ndiyo na kwenda kaya inayofuata. Mtoto akisema anachomwa na kijiko cha moto, mdadisi hawezi kwenda kaya inayofuata. Lazima kuwe na namba ya kupiga, afisa ustawi wa jamii wa kupokea, dawati la jinsia na watoto lenye mtu ndani yake, na mahali pa mtoto kulala usiku huo. Kwenye jedwali la bajeti huo ni mstari mrefu kuliko ule wa vishikwambi, na mara zote nilizouona, ndio uliokatwa kwanza.